Mafuta Kwenye Boliti

Injini ilizimika bila kuaga. Haikukohoa, haikutetemeka, haikutoa moshi; ilikuwa ikinguruma vizuri kwenye gia ya pili, mara kimya. Zezva alikanyaga breki, akavuta na ya mkono, gari likasimama limeinua pua kuelekea kilele cha njia ya Abano, kona tatu tu chini yake. Kulia kulikuwa na ukuta wa mwamba unaochuruzika maji. Kushoto hapakuwa na kitu ila hewa, na chini kabisa ya hewa hiyo palikuwa na mto ambao hata sauti yake haikufika pale juu.

Ilikuwa saa nne asubuhi, Jumamosi ya pili ya Oktoba. Theluji ilianza kuanguka tangu saa mbili, nyepesi, kama unga unaochekechwa. Mtu yeyote wa Tusheti, huku milimani, anajua maana ya theluji ya Oktoba: leo njia ipo, kesho haipo mpaka Juni.

Kiti cha nyuma alilala mjomba wake Lagaza, mzee wa miaka sabini na minne, mguu wa kushoto umewekwa juu ya ngozi ya kondoo. Shoka lilimteleza akipasua kuni, likamchana kwenye muundi. Sasa mguu ulikuwa umevimba hadi ngozi inang'aa, na mstari mwekundu ulikuwa ukipanda kutoka kwenye kidonda kwenda gotini. Pembeni yake alikaa bintiye Mzekala, muuza dawa kule bondeni Alvani. Asubuhi kabla ya kuondoka aliuwekea mstari ule alama ya kalamu pale ulipofika. Jana yake daktari wa mji wa Telavi alimwambia kwenye simu, bila kuzunguka, kwamba mstari ukivuka goti basi asitegemee kurudi na baba mwenye miguu miwili.

Lagaza alifumbua macho, akasikiliza ule ukimya, akavuta hewa puani.

"Humu garini mna nguruwe," alisema.

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekujulisha kwamba mvua inanyesha. Nyama ya nguruwe haivuki Abano. Haikuvuka enzi za mababu, haikuvuka enzi za Warusi, na hata watalii wanaokuja na soseji zao hukutana na mzee mmoja au mwingine njiani akawaambia wazile hukohuko chini au wazitupie mbwa. Gari likikwama kwenye njia ile, swali la kwanza halihusu petroli.

"Hamna, Mjomba," Zezva alijibu.

"Mna."

"Hamna. Naapa."

Na hapo ndipo alipoharibu, kwa sababu alijua mna.

Hakuwa mwongo kwa tabia. Lakini mwezi mmoja nyuma injini ya zamani ya jipu lake la Kirusi ilipasuka, akanunua nyingine iliyotolewa kwenye gari dogo lililopata ajali, akaipachika kwa siku tatu akisaidiana na Vaso, fundi wa kijiji kimoja huko bondeni. Kwa kuwa injini ilikuwa nje, Zezva alipata nafasi ya kupaka rangi chumba kizima cha injini, tabaka tatu za kijani, mpaka kikapendeza kuliko sebule ya mama yake. Watu walikuja kukitazama. Siku ya kufunga vitu vidogo, Vaso alichovya kidole kwenye kopo akapaka boliti zote uweupe fulani unaonata. Zezva akauliza ni nini. Vaso akamwambia ni mafuta ya nguruwe, baba yake alikuwa akipaka boliti za trekta hivyo na hazikupata kutu miaka thelathini. Mtu wa bondeni hana habari na mwiko wa mlimani. Zezva alitaka kumwambia afute, akaona ataonekana mshamba, akanyamaza. Akajiambia kwamba mafuta kwenye boliti si nyama, na ambacho mzee hakijui hakitamuumiza.

Alifungua boneti. Theluji ilianguka juu ya chuma cha moto ikafuka mvuke.

Injini ya petroli haidai mengi: hewa, petroli na cheche kwa wakati wake. Alimwomba Mzekala akae kwenye usukani. Stata ilizungusha injini kwa nguvu, kwa hiyo betri ilikuwa nzima. Alifungua plagi moja. Ilitoka imelowa na kunuka petroli, kwa hiyo petroli ilifika. Aliichomeka kwenye waya wake, akailaza juu ya chuma, akamwambia binamu yake azungushe tena. Injini ilizunguka, plagi ikakaa pale bila hata kimulimuli. Alijaribu ya pili, na ya tatu. Hakukuwa na cheche popote.

"Cheche hakuna," alisema.

"Tafuta nguruwe," sauti ya Lagaza ilitoka ndani.

Mzekala, ambaye alikuwa amechoka na wote wawili, aliamua kumaliza ubishi. Alishusha kila kitu. Akapanga kwenye theluji mkate, jibini la kiriba, paja la kondoo lililokaushwa, chupa ya pombe ya zabibu, blanketi, joho la sufi la baba yake. Alipekua hata mifuko ya koti la Zezva, akakuta tikiti ya basi na karanga. Alimwonyesha baba yake kimoja kimoja, mzee akawa anatikisa kichwa mpaka cha mwisho. Kisha akasema labda kijana alimla nguruwe bondeni akampandisha mlimani tumboni. Robo saa nzima ilipotea hivyo, na Zezva, aliyeweza kuimaliza kwa neno moja, alijifanya anasafisha plagi.

Akaendelea na kazi. Alikuwa na taa ya kupimia, globu ndogo yenye nyaya mbili nyembamba. Aliigusisha kwenye koili, inayokuza umeme wa betri uwe cheche, ikawaka; umeme ulifika. Alifunga koili ya akiba aliyoibeba kwenye buti, hakuna kitu. Alifungua kifuniko cha distribyuta inayogawia plagi cheche, ndani pakavu, pasafi, na kiini kilizunguka injini ilipozunguka. Alipitisha vidole kwenye kila waya kutafuta palipokatika. Mwisho kikabaki kisanduku cha alumini, ukubwa wa kiganja, kilichofungwa kwenye ukuta wa kijani nyuma ya injini. Hicho ndicho kinachoukata na kuuachia umeme wa koili ili cheche iruke. Alichomoa soketi yake, akapuliza meno yake, akairudisha. Ile boliti inayokishika hakuigusa. Kopo la Vaso lilikuwa limepita pale kwa ukarimu wa pekee. Akiifungua, harufu itatoka, na mzee ana pua ya mbwa wa kondoo. Alijiambia boliti ni boliti tu, kazi yake kushika.

Saa sita ilipita. Mzekala aliyeyusha theluji kwenye sufuria juu ya jiko dogo la gesi, akampa baba yake maji ya vuguvugu kwa vijiko, yaliyobaki akaoshea kidonda. Alipomaliza alimwita Zezva aje aone. Mstari ulikuwa umeipita alama ya kalamu kwa vidole viwili. Kutoka pale hadi gotini palibaki vidole vitatu.

"Napanda juu," alisema. "Kileleni huwa kuna mtandao. Kona tatu si safari."

Zezva alisema aende yeye. Mzekala alijifunga shali kichwani. "Wewe kaa na mgonjwa wako wa chuma. Wangu nimeshamfunga bendeji."

Akaondoka. Walimwona kwenye kona ya kwanza, akageuka akapunga mkono. Dakika kumi baadaye ukungu ulishuka kutoka kwenye mlango wa mlima, mzito, ukafuta kona, ukafuta ukingo, ukafuta hata pua ya gari. Theluji nayo ikazidi. Zezva alikaa na mjomba wake ndani, wamejifunika joho moja, wakila jibini. Mzee alikuwa akitetemeka kwa homa, joto la mwili wake likipenya hadi kwenye koti la Zezva.

Saa nzima ikapita, na nusu ya pili.

"Piga honi," Lagaza alisema.

"Betri, Mjomba. Nikiimaliza, hata nikipata ubovu hatutaondoka."

"Betri hainiiti baba. Piga."

Zezva alipiga. Mara tatu ndefu, kisha kusikiliza. Mara tatu, kusikiliza. Ukungu uliimeza sauti na haukurudisha kitu. Alikuwa na hofu ambayo hakuwahi kuijua, hofu yenye uso wa mtu, kwa sababu akilini alimwona Mzekala akiwa na miaka sita akimfuata nyuma ya kondoo na kumwomba asitembee haraka. Alipiga tena. Na katikati ya hofu ile, mkono ukiwa kwenye honi, kichwa cha fundi kilichokuwa ndani yake kikaanza kusema peke yake.

Honi inalia vizuri. Ina waya mmoja tu. Umeme unakwenda kwa waya huo. Unarudi kwa njia gani? Kwa boliti yake yenyewe, kupitia bodi ya gari, mpaka kwenye betri. Kila kitu cha umeme kwenye gari kinataka njia mbili, ya kwenda na ya kurudi. Tangu saa nne alikuwa akiuliza kama umeme umefika. Hakuuliza hata mara moja kama umeweza kurudi. Na kisanduku kile cha alumini kina njia moja tu ya kurudishia umeme: ile boliti. Chini yake kuna tabaka tatu za rangi, na juu ya rangi mafuta. Meno ya boliti ndiyo yaliyokuwa yakigusa chuma kwa bahati tangu siku ya kufungwa, na mashimo ya barabara ya jana na leo yameilegeza.

Alijua alichokijua. Alikaa nacho dakika nzima akipiga honi, na aliona aibu kuliko alivyopata kuona maishani.

Mzekala alitokea kwenye ukungu mikono imetangulia mbele, shali limeganda. Alikuwa amefika kileleni, mtandao hakuna. Akishuka alikosea kwenye kona ya pili, akafuata njia ya kondoo badala ya barabara, akatembea mpaka jiwe likamtoka chini ya mguu na hakulisikia likitua. Alikaa palepale chini. Kisha akasikia honi, na haikuwa mbele yake kama alivyodhani, ilikuwa nyuma. Alirudi kwa magoti hadi alipogusa changarawe za barabara.

"Juu theluji imefika magotini," alisema akijaribu kushika kikombe kwa vidole visivyokunjika. "Gari litapita kama litapita sasa hivi. Ikifika usiku, hakuna gari."

Zezva alimpisha akae karibu na baba yake. Yeye akabaki nje, mlango wazi, theluji ikimwangukia shingoni.

"Mjomba," alisema, "nguruwe yumo."

Lagaza alimtazama.

"Fundi alipaka mafuta yake kwenye boliti. Nilimwona, nikamwacha. Na ubovu nadhani uko kwenye boliti hiyohiyo. Sikuifungua kwa kuwa ungenusa."

"Na saa zote hizi ulikuwa unafungua nini?" Mzekala aliuliza taratibu.

"Kila kitu kingine."

Alisubiri atukanwe. Mzekala aligeuza uso dirishani. Mzee alifumba macho, na ilikuwa vibaya zaidi kuliko tusi.

Zezva hakungoja msamaha, hakukuwa na muda wake. Alizing'oa nyaya mbili za taa ya kupimia, akazisokota pamoja, akaunganisha mgongo wa kisanduku na upande hasi wa betri. Akalaza plagi juu ya chuma na kumwomba Mzekala azungushe. Stata ilizunguka kwa uvivu, honi ilikuwa imeila betri, lakini kwenye ncha ya plagi cheche ya buluu iliruka, tak, tak, tak. Alisimama akiitazama mpaka Mzekala akamuuliza kama aendelee. Waya ule ulishaanza kuwa wa moto mkononi. Ulifaa kuonyesha ubovu, haukufaa kuvuka mlima.

Alifungua boliti. Uweupe ulitoka nayo, umeganda kwa baridi, na harufu nayo. Alifuta kwa kitambaa na petroli. Kisha akaanza kukwangua rangi kwa bisibisi, lakini ncha yake ilikuwa imeviringika kwa miaka ya kubandulia matairi, na rangi aliyoipaka kwa majivuno makubwa haikutoka hata punje. Hapakuwa na kitu kingine chenye makali ila kimoja.

Kisu cha Lagaza kilikuwa kiunoni mwake. Mzee yule ndiye aliyekuwa akichinja kondoo wa sikukuu ya kijiji kwa miaka arobaini, na kisu kile hakikukata mkate wala kamba wala tawi. Zezva alisimama mlangoni, bisibisi mkononi, akashindwa kuomba.

Lagaza alifungua macho, akaitazama bisibisi, akamtazama Zezva usoni. Akachomoa kisu kwenye ala na kumpa kwa upande wa mpini.

"Kwangua," alisema.

Alikwangua hadi chuma kikang'aa, duara kama sarafu, kisha akakwangua mgongo wa kisanduku na meno ya boliti. Akaifunga mpaka mkono ukauma. Kisu alikiosha kwa theluji, akakirudisha; mzee alikipokea na kukilaza pembeni, hakukirudisha kiunoni.

Mzekala alizungusha ufunguo. Stata ilinung'unika mara moja, ikanyamaza.

Hapo hawakuwa na la kujadili sana: ilibidi injini iwashwe kwa kuliachia gari libingirike. Gari liliinamia nyuma. Kurudi nyuma ndiko kulikokuwa na mteremko. Kulikuwa na hatua arobaini mpaka kona, na kwenye kona ukingo usio na ukuta. Mzee alikataa kushushwa. Mzekala alikwenda nyuma, akasimama kwenye kona yenyewe, kitambaa chekundu mkononi, mahali ambapo Zezva angemwona kwenye kioo. Zezva alikanyaga klachi, akatia gia ya kurudi, akaachia breki.

Gari lilianza kurudi polepole, kisha si polepole. Magurudumu yalitafuna theluji. Alihesabu moyoni, akaachia klachi. Gari lilishtuka, injini ikageuka, ikakataa. Kwenye kioo kitambaa chekundu kilipanda. Alikanyaga klachi tena, akaliacha lichukue kasi hatua nyingine kumi, kitambaa sasa kikipunga kwa nguvu, akaachia. Injini ilipiga mara moja, mbili, ikashika. Alikanyaga breki na klachi pamoja huku mguu wa kulia ukigawanyika kati ya breki na pedeli ya mafuta. Alipotazama kioo, Mzekala alikuwa ameweka kiganja juu ya buti, kama anayemtuliza ng'ombe.

"Panda," alimwambia.

Kileleni walipita kwa gia ya kwanza, theluji ikipiga chini ya sakafu. Walikwama mara moja, wakachimba kwa sufuria na kwa mikono, wakatandika ngozi ya kondoo chini ya gurudumu, wakatoka. Upande wa pili ukungu ulibaki juu yao, mvua ikachukua nafasi ya theluji, na miti ya kwanza ikaonekana. Saa tano za kuteremka hakuna aliyezima injini wala kuongea zaidi ya kilichohitajika: maji, shikilia mguu, punguza mwendo. Lagaza hakumsemesha Zezva neno.

Kule Telavi daktari, mama mnene mwenye miwani ya kamba, alikunja suruali ya mzee na kuutazama mguu kwa muda mrefu. Mstari ulikuwa umefika kwenye ukingo wa chini wa goti. Aliuliza alijikata lini.

"Alhamisi," Mzekala alijibu. "Alinipigia siku hiyohiyo."

"Jumatatu," Lagaza alisema.

Mzekala aligeuka kumtazama. Mzee akasema akiitazama dari, si binti yake, kwamba siku tatu alijifunga kitambaa na kuwaambia majirani ameteguka. Anayeshushwa Oktoba hajui kama atapandishwa Juni. Daktari hakumgombeza, alisema tu kwamba kwa jeraha la Jumatatu hawezi kuahidi kitu, wakamsukuma ndani.

Zezva na Mzekala walikaa kwenye benchi. Usiku Mzekala alimwegemea bega akalala, na yeye alikaa macho, akiwaza tena na tena jinsi kila kitu ambavyo kingekuwa tofauti kama angefungua mdomo saa nne asubuhi.

Kulipokucha daktari alitoka. Wamekata nyama iliyooza, wameacha mtaro mguuni, atachechemea. Mguu umebaki. Angechelewa hata saa mbili tatu, asingeubakisha. Mgonjwa ameamka, na anamtaka mpwa wake.

Zezva aliingia akasimama mbali, karibu na mlango, mikono ikiwa bado na rangi ya kijani kwenye kucha. Lagaza alikuwa mweupe kama shuka. Alivuta pumzi mara mbili kabla ya kupata sauti.

"Mimi nilificha siku tatu," alisema. "Wewe saa tano."

Alijisogeza ukutani kwa shida, mpaka nafasi ikapatikana kitandani, akaipiga kwa kiganja.

"Njoo ukae, mpwa wangu. Umesimama muda mrefu."